Land Rover 109 iliyolala shambani Muheza: nikague nini kabla ya kulipa?

Mwana wa Sahare, Tanga

Habari za jioni wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Naomba ushauri wa watu waliowahi kununua Land Rover za zamani na kuzifufua, hasa waliofanya kazi hiyo huku kwetu pwani. Nimeoneshwa Land Rover 109 (ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma; fupi yake ni 88), toleo la Series III, iliyokuwa ikitumika katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Mwenyewe anasema ni ya mwaka 1976 na kwamba haijatembea kwa miaka sita, tangu dereva wake alipostaafu na asipatikane mtu mwingine wa kuijali. Imeegeshwa chini ya mwembe, matairi mawili yamekwisha upepo, lakini bodi imenyooka kuliko nilivyotarajia na rangi yake ya kijani bado inaonekana vizuri. Injini ni ile ile ya petroli iliyotoka nayo kiwandani, ya lita 2.25. Anataka shilingi milioni nane na nusu.

Mimi si fundi. Marehemu baba aliendesha gari kama hili kwa miaka mingi akipandisha watu na mizigo Amani, na nilipokuwa mdogo nilikaa katika kiti cha katikati, goti langu likigusa ule mkono wa gia wenye kirungu chekundu. Nataka gari la kutumia, la kwenda Pangani na kupanda Lushoto kuwasalimia wakwe, si pambo la kuweka uani. Swali langu ni hili: nitakapokwenda Jumamosi nikague nini kwanza, na ni kasoro ipi nikiiona nirudi nyumbani bila kutoa hata shilingi moja? Fundi mmoja wa hapa mjini ameniambia nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa bodi ni ya alumini na gari la namna hii halipati kutu.

Fundi Mstaafu wa Gofu

Marahaba, mwanangu.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya hilo neno la mwisho, maana limewatia watu wengi hasara. Ni kweli kwamba bodi ni ya aloi ya alumini, kwa kuwa gari hili lilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa bado kinagawiwa kwa kipimo Uingereza baada ya vita, ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi. Lakini bodi hiyo imekalia chasisi ya chuma, ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni wa chuma, na fremu za milango nazo ni za chuma. Alumini ikigusana na chuma, na katikati yake pakapita unyevu wenye chumvi, vyuma hivyo viwili hufanya kazi kama betri, na kinacholiwa ni alumini. Ndiyo sababu utaona rangi imevimba kuzunguka ribiti na bolti, na ukiikwangua kwa ukucha unatoka unga mweupe kama wa muhogo. Muheza iko mbali kidogo na bahari, na hiyo ni heri kwako, ila muulize mwenyewe kama gari limewahi kufanya kazi bandarini au kwenye mashamba ya chumvi ya Mkinga.

Sasa usianze na bodi wala injini. Nenda na mkeka, nyundo ndogo, bisibisi ndefu na tochi, kisha lala chini ya gari. Chasisi ya Land Rover ni mihimili miwili mirefu, kila mmoja umeundwa kwa bamba nne zilizochomelewa kuwa kama sanduku, na ndani yake ni tupu. Matope na maji huingia kupitia matundu yake, yakakaa humo miaka, na chuma kikaliwa kutoka ndani huku nje kimepakwa oili chafu na kinang'aa. Gonga kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali inayosikika mpaka upande wa pili. Kilichooza kinajibu kama boga. Penye sauti ya boga, sukuma bisibisi kwa nguvu zako zote na usione haya hata mwenye gari akinuna. Kaa sana kwenye mhimili wa mwisho wa nyuma, ule unaobeba ndoana ya kuvutia, na kwenye hanga za springi, yaani vishikio vinavyofunga springi kwenye chasisi, na kwenye ile mikono ya pembeni inayotoka katika chasisi kubeba bodi. Ukimaliza, ingia ndani, nyanyua mkeka wa dereva na uangalie pale kisigino kinapokaa.

Nasema haya kwa uchungu. Mwaka 1998 nilinunua 109 yangu mwenyewe, na pamoja na uzoefu wangu wote nilivutiwa na injini iliyokuwa ikinguruma vizuri sana. Chasisi ilikuwa imewekwa kiraka juu ya kiraka, na juu yake lami. Miezi minne baadaye, katika makorongo ya njia ya Pangani, hanga ya springi ya nyuma upande wa kushoto iling'oka pamoja na kipande cha chasisi kikubwa kama sahani, na gari likalala ubavu mmoja likiwa na watu saba. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Kiraka kilikuwa kimechomelewa juu ya chuma kilichooza, na chuma kilichooza hakishiki ulehemu. Dawa ni kukata mpaka ufikie chuma safi, na bamba jipya lisipungue milimita 2.

Mihimili mirefu ikiwa imeoza karibu na hanga za springi au pale giaboksi ilipofungwa, rudi nyumbani. Ikiwa ni mhimili wa nyuma na mikono ya pembeni peke yake, hayo yanarekebishika hapa hapa Tanga.

Binti Chumbageni

Kaka, kabla hujalala chini kwenye huo mkeka, omba kwanza kuona kadi ya gari.

Magari ya mashamba ya mkonge yana historia ndefu. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, baadaye yakabinafsishwa, na magari yakapita mikononi mwa wamiliki kadhaa bila majina kubadilishwa. Familia yetu ilinunua gari la namna hiyo, tukalipa fedha zote siku ile ile, kisha tukagundua kwamba kadi ni ya kampuni iliyokwisha kufutwa. Gari lilikaa uani miezi minane huku tukimtafuta mfilisi, na mwuzaji hakuwa akipokea simu tena.

Namba ya chasisi katika Series III, mbali na ile iliyo kwenye kibati, imegongwa pia kwenye hanga ya springi ya mbele upande wa kulia. Pengine imefunikwa na rangi na grisi, kwa hiyo beba brashi ya waya na petroli kidogo. Kibati hung'olewa na kuhamishwa kwa ribiti mbili tu. Linganisha namba hiyo na ile ya kwenye kadi, fanya vivyo hivyo kwa namba ya injini, kisha upeleke nakala ya kadi TRA, mamlaka ya mapato, hapa mjini wathibitishe kabla ya kulipa. Fedha ya mwisho itoke siku umiliki unapohamishwa, mbele ya wakili.

Mwenye 88, Lushoto

Nakubaliana na mzee wetu wa Gofu kuhusu chasisi, lakini naomba niongeze kuhusu injini, kwa sababu najua kitakachofuata: ukishanunua, kila utakayekutana naye atakuambia utoe hiyo ya petroli uweke dizeli ya Nissan au Isuzu. Mimi niliambiwa hivyo na nikakataa, na sijuti. Ni kweli kwamba lita moja ya petroli itakupeleka kilomita tano au sita tu, na 109 iliyojaa ikipanda kutoka Mombo inataka zaidi. Hata hivyo injini hiyo ni nyepesi kutengeneza, kila kitu chake unakifikia kwa mkono, na giaboksi na ekseli vimepimwa kwa nguvu zake. Ukiweka injini yenye nguvu kubwa, kinachofuata kuharibika ni hivyo vilivyo nyuma yake, na juu ya hayo utakuwa umebadilisha namba ya injini na kurudi kwenye shughuli ile aliyoieleza dada wa Chumbageni.

Kwa kuwa imelala miaka sita, usikubali mtu aiunganishe na betri akawasha selfu papo hapo. Ng'oa plagi zote nne, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache ilale usiku mmoja ikiwezekana, kisha uizungushe kwa hendeli. Gari hili lina tundu la hendeli kwenye bampa ya mbele, na hendeli ni kipimo kizuri kuliko maneno ya mwuzaji. Ikizunguka, rudisha plagi na uizungushe tena taratibu: mkono wako unapaswa kupata upinzani mara mbili kwa kila mzunguko, upinzani unaolingana. Palipo laini, hapo pana valvu au ringi zilizochoka. Injini za kabla ya mwaka 1980 zina beringi kuu, zile zinazoshika kranki, tatu badala ya tano, kwa hiyo ya kwako haipendi kukimbizwa. Ipe mwendo wa wastani nayo itakuzika.

Breki usizijaribu kabisa. Ziandike kwenye hesabu kwamba utabadilisha mipira yote ya silinda za magurudumu, kwa sababu baada ya miaka sita imekauka, na mteremko wa kurudi Mombo hautaki kubahatisha.

Jambo moja la hatari, ambalo naliandika kwa sababu nusura linitoe jicho. Ndani ya mhimili wa mbele kuna kipande cha usukani kilichosimama wima, na kwa kawaida kutu hukigandisha humo. Nilikipiga siku mbili kwa jeki na moto kabla hakijatoka. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana. Kikishatoka, mtu asikifungue bila kukifunga kwenye jiliwa, na asiiname juu yake.

Mwana wa Sahare, Tanga

Nawashukuru wote kwa moyo mkunjufu. Nimerudi jana jioni, na nguo zangu mke wangu amezikataa.

Mihimili miwili mirefu inalia vizuri kutoka mbele hadi nyuma. Niligonga mara mbili ili nijiridhishe. Mhimili wa mwisho wa nyuma ni boga kama alivyosema mzee: bisibisi iliingia mpaka mpini, na nilipoichomoa ikamwagika kutu nyekundu pamoja na mchanga na mbegu za nyasi. Mikono miwili ya pembeni upande wa kushoto nayo imekwisha. Unga mweupe upo kwenye ribiti za nyuma, si mwingi. Namba iliyo kwenye hanga inalingana na kadi, na kadi ni ya mwenye shamba mwenyewe. Hendeli ilizunguka, ingawa silinda ya tatu nadhani ni laini kuliko nyingine.

Nilimwonesha mwuzaji ile kutu iliyomwagika, akanyamaza, tukashuka hadi milioni sita. Nimelipa laki tano kwa maandishi, na zilizobaki nitamlipa mwuzaji baada ya TRA kuthibitisha. Mzee wangu, je, mhimili wa nyuma unaweza kubadilishwa bila kunyanyua bodi yote?

Fundi Mstaafu wa Gofu

Unaweza. Mnafungua bolti zinazoshika sanduku la nyuma, mnalinyanyua kiasi cha kupitisha mkono wa welda, na kulitegemeza kwa magogo. Chasisi iwekwe juu ya stendi nne mahali palipo sawa, na kabla ya kukata chochote mpime kwa futi kutoka kona hadi kona, mwandike vipimo hivyo ukutani kwa chaki, kwa sababu mhimili ukishaondoka hamtakuwa na kitu kingine cha kuwaonesha kama chasisi imepinda. Kazi ikiisha, bamba jipya lipakwe rangi ya kuzuia kutu, na ndani ya mihimili mmimine nta ya moto kupitia yale matundu.

Na tangi la mafuta litoke kabisa, liwekwe mbali, betri nayo ifunguliwe, ndipo welda awashe mashine yake. Ukifika siku hiyo nijulishe, nitakuja na nyundo yangu.