Muziki shule ya msingi: watoto 80, ngoma moja. Walimu wa Uganda, tupeane uzoefu

Mwalimu_Kampala
Walimu wenzangu, habari za kazi. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ina masomo manne tu na muziki haumo, ndiyo maana ukifika P.6 (darasa la sita) kipindi hiki ndicho cha kwanza kumegwa. Ila kwa P.1 hadi P.3 nafasi bado ipo. Tuandike yanayofaulu darasani, kwa hatua na vipimo.

Naanza na sauti. Kosa kubwa kuliko yote ni kuanzisha wimbo chini mno. Mwalimu mwanamume anaimba palipo raha kwake, watoto wanamfuata huko chini, wananguruma, kisha wanaambiwa hawajui kuimba. Si kweli hata kidogo! Watoto wa P.1 na P.2 huimba vizuri kuanzia noti D iliyo juu kidogo ya C ya katikati hadi A. P.4 na P.5 wanaweza C hadi D ya juu.

Kupata noti ya kuanzia, programu ya simu ya kupimia sauti itakupa A ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Ukitaka do iwe D, ichukulie hiyo A kuwa *so*, shuka *so–mi–do*, umefika. Ukitaka do iwe F, A inakuwa *mi*, shuka *mi–re–do*. Halafu mpe mtoto mwenye sikio zuri aanzishe yeye. Mtoto humwiga mtoto mwenzake upesi kuliko anavyoiga sauti nzito ya mtu mzima.

Mama_wa_P2_Mbale
Asante mwalimu. Naongeza mdundo, maana huo hauhitaji chombo chochote. Zile silabi za kusomea mdundo, *taa* (pigo moja), *tate* (pigo lililogawanywa mara mbili) na *tafatefe* (mara nne), zivalishe maneno wanayoyajua: *taa* ni taa yenyewe, *tate* ni "kuku", *tafatefe* ni "mapapai". Miguu ikanyage pigo lisilobadilika, mikono ipige maneno. Wagawe kwa safu za madawati: safu mbili miguu, mbili mikono, kisha wabadilishane.

Watoto 80 wakipiga makofi kwa nguvu hukimbia, kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake. Waambie wapige kwa vidole viwili juu ya kiganja. Mwendo unatulia papo hapo, nawe unamsikia aliyepotea.

Mwalimu_Kampala
Vidole viwili, kweli kabisa. Na nyimbo za Kiswahili je? Wangu wanataka Jumuiya Yetu, ule wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mama_wa_P2_Mbale
Anza na kiitikio peke yake. Maneno yasemwe kwanza kwa mdundo, bila tuni, mpaka yatoke bila kukwama. Watoto wa Luganda watakupa "kalibu" mahali pa "karibu", maana kwao *r* hufuata *e* au *i* tu, kwingine ni *l*. Rekebisha wakati wa kusema. Ukingoja wakati wa kuimba, kosa litakuwa limeshaganda pamoja na tuni.

Vibao_Jinja
Mimi niseme juu ya amadinda, marimba ya Baganda ya vibao vya mbao, kwa sababu shule nyingi huitoa wiki mbili kabla ya mashindano na watoto wanaishia kugonga tu.

Ya kawaida ina vibao 12. Viandike namba kwa chaki, 1 kwenye kile kikubwa. Skeli ni ya noti tano, kwa hiyo kibao 1 na 6 ni noti ileile, 2 na 7 vivyo hivyo, mpaka 5 na 10. Mtoto hupiga viwili hivyo kwa pamoja, fimbo moja kila mkono. Omunazi, mpigaji wa kwanza, anaanza; omwawuzi, wa pili, amekaa upande wa pili wakitazamana, naye anaingiza mapigo yake kati ya mapigo ya mwenzake.

Hapo ndipo panapoharibika. Baada ya mizunguko mitatu minne omwawuzi anavutwa, anajikuta anapiga pamoja na omunazi. Tunakosea sisi tunapomwambia "ingia katikati", kwa sababu anabaki ananing'inia kwenye pigo la mwenzake. Kila mmoja ayahisi mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo mapigo makuu.

Fanyeni kwanza bila vibao. Mmoja anasema "ma", wa pili "ji", bila kukatika: majimajimaji. Sikio litakwambia: likisikika kama "mji, mji", omwawuzi amewahi, likisikika "jima, jima", amechelewa. Yakishanyooka, wagonge sakafu kwa fimbo wakiendelea kusema, kisha wahamie kwenye vibao, mwendo wa taratibu.

Omukoonezi, wa tatu, aje mwisho kabisa. Kazi yake ni vibao 11 na 12 tu: anarudia huko juu kila noti anayoisikia ikitoka kwenye 1 na 2. Hawezi kuisikia kama wale wawili hawajashikana.

Jambo dogo linalosahaulika: mashina ya mgomba yaliyo chini ya vibao hukauka na kunywea. Vile vijiti vinavyotenganisha vibao vinalegea, vibao vinagusana na sauti inakufa. Ukate mashina mabichi mapema.

Mwalimu_Kampala
Naweza kuichanganya na kinanda cha umeme?

Vibao_Jinja
Usifanye hivyo, tafadhali. Amadinda inagawa oktava sehemu tano zinazokaribia kulingana. Do-re-mi ya kinanda haikai hapo, na mtoto atadhani sikio lake ndilo bovu.

Nyuzi_Arua
Ukitaka kuchanganya na do-re-mi, tumia adungu, kinubi cha nyuzi, hufungwa kwa skeli hiyo bila shida. Funga *do* kwanza, kisha *do* ya juu, kisha *so*, ndipo ujaze zilizobaki. Nyuzi mpya za nailoni hurefuka, kwa hiyo zikaze kila siku kwa siku kadhaa kabla ya kuwapa watoto. Kiangazi vigingi hunywea na kuteleza. Paka unga wa chaki, na unapozungusha, kisukume kigingi kwa ndani.

Mama_wa_P2_Mbale
Na kwa ngoma ni kinyume, adui ni unyevu. Asubuhi ya mvua ngozi inalegea na sauti inakuwa ya gunia. Iweke juani, uigonge kila baada ya dakika chache, uitoe inapoanza kulia wazi. Usiisogeze kwenye jiko la makaa: upande mmoja unakauka kuliko mwingine, ngozi inapasuka pale kwenye mishipi. Jua lisipotoka, siku hiyo tumia jerikeni tupu, ya lita 20 kwa sehemu ya empuunyi (ngoma ya sauti nzito) na ya lita 5 kwa nankasa (ngoma ndogo ya sauti kali).