Hesabu za dawa katika hospitali za jeshi: ziwekwe wazi au zibaki siri?

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, hili naomba tulijadili bila kukwepana. Hospitali za jeshi hazitibu wanajeshi peke yao. Hapa Mbeya raia tunaingia na kadi ya bima au fedha mkononi, tunapanga foleni moja na wenye magwanda. Basi kwa nini ukiuliza dawa zilinunuliwa kwa shilingi ngapi na zimeishia wapi, unajibiwa "usalama"?

Baba yangu ni askari mstaafu. Mwaka jana, asubuhi ya Julai, baridi ile inayopasua midomo, nilimpeleka kliniki ya presha katika hospitali moja ya jeshi. Daktari alimpima kwa utulivu na heshima. Dirishani tukarudishiwa karatasi yetu, dawa mbili kati ya tatu zimezungushiwa wino mwekundu: kanunueni nje. Tukazipata Mwanjelwa. Mzee hakusema neno. Aliikunja risiti mara nne, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Iliniuma.

Jirani yetu, naye mstaafu, ananipinga: ukianika dawa, adui anahesabu askari wako. Hoja hiyo ina uzito. Shehena ya dawa za malaria kwa kikosi kilicho kwenye operesheni inaweza kueleza wako wangapi. Hiyo ibaki siri. Lakini vidonge vya presha vya wazee wa Uyole vitamfaa nini adui?

Wala ukaguzi si jambo geni. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, akague hesabu za Serikali walau mara moja kila mwaka, na Ngome, yaani jeshi lenyewe, ina fungu lake la bajeti, namba 38. Shida ni kwamba ndani ya fungu kubwa namna hiyo, kidonge kinamezwa. Mimi nataka mapato yanayotokana na raia na manunuzi ya dawa viwe na hesabu yake peke yake, isomwe na wananchi.

Tazameni Marekani. TRICARE, bima ya wanajeshi wao na familia zao, mwaka 2015 ililipa zaidi ya dola bilioni 1.5 kwa dawa za kuchanganywa na mfamasia, nyingi zikiwa krimu za maumivu na makovu. Wapo askari waliopewa fedha ili wakubali tu kuandikiwa. Mei mwaka huo uhakiki ukakazwa, na madai yakaporomoka. Kumbe mlango ulikuwa wazi kwa wezi, si kwa adui.

Karibuni mnipinge. Nawangoja hasa mliowahi kukaa stoo ya dawa: anayeagiza, anayepokea na anayesaini leja ni watu watatu, au ni mmoja?