Mjadala: Maombi ya fedha za utafiti yasomwe bila jina la mwombaji?

Kila tukigusa uchache wa wanawake kwenye sayansi, hoja inayotangulia ni kwamba hawapendi hesabu, au wakishapata watoto huacha wenyewe. Siikubali. Takribani theluthi moja tu ya watafiti duniani ni wanawake, na mimi nawatazama kwanza wale wanaoamua nani apewe kazi na fedha.

Mwaka 2012, wahadhiri 127 wa sayansi nchini Marekani walipewa wasome ombi la kazi ya msimamizi wa maabara. Ombi lilikuwa lilelile, ila wengine waliambiwa ni la John, wengine la Jennifer. John akaonekana hodari zaidi, akakadiriwa mshahara wa dola 30,238 kwa mwaka. Jennifer, 26,508. Na waliompunja hawakuwa wanaume peke yao. Wahadhiri wanawake nao walimshusha vilevile. Kwa hiyo tusiligeuze hili kuwa ugomvi wa wanaume na wanawake.

Sasa tazameni Hubble, darubini iliyoko angani ambayo wanasayansi hushindania muda wa kuitumia. Miaka nenda rudi, maombi ya kuitumia yaliyoongozwa na wanaume yalikuwa yakipita kwa kiwango cha juu kuliko ya wanawake. Mwaka 2018 majina yakafichwa. Awamu hiyohiyo wanawake wakawapita wanaume kidogo. Hakuna aliyependelewa wala kutengewa nafasi.

Najua mtauliza: bila jina, tutajuaje kama mtu anaiweza kazi? Pale Hubble, wasifu wa timu ulifunguliwa baada ya maombi kupangwa kwa ubora. Hofu hiyo ina jibu.

Kuficha majina hakumalizi yote, nakiri. Fedha nyingi za watafiti chipukizi huhesabu miaka tangu mtu apate shahada ya uzamivu, na hiyo ndiyo miaka ya kuzaa. Anayenyonyesha anashindanishwa na asiyeamka usiku, kwa hesabu ileile ya miaka. Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto, na baba humwongezea muda wa likizo aliyochukua kweli. Mimi naona ni haki tupu, ingawa wapo wanaouita upendeleo, na ningependa kuwasikia.

Mwenye sababu ya kuliacha jina lionekane hatua ya kwanza ailete tuipime.