Kuchagua bodi ya mtambo wa kurekodi joto: ARM yenye mti wa vifaa, au x86 yenye ACPI?

Mlinzi_wa_Mbegu aliandika:

Wanajukwaa, salaam. Natakiwa kuagiza bodi ya kompyuta kabla ya wiki ijayo kwisha, nami nimekwama kati ya mbili. Ya kwanza ina prosesa ya aina ya ARM, ambayo kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) huelezwa vifaa vyake kwa faili la mti wa vifaa. Ya pili ina prosesa ya aina ya x86, ambayo hutegemea majedwali ya ACPI yaliyomo ndani ya programu dhibiti na kuieleza kerneli vifaa vilivyopo. Mtambo utakaa kwenye ghala la mbegu na kurekodi joto na unyevu usiku na mchana, na umeme ukikatika kisha ukarudi, sharti uwake wenyewe na kuvipata vifaa vyake vyote bila mtu kuugusa. Nimesoma mahali kwamba x86 hutambua kila kitu yenyewe, ilhali ARM hadi iandikiwe. Je, hiyo ni sababu ya kutosha kuchagua x86?

Saketi_Tupu aliandika:

Ndugu, umeacha nje jambo lenyewe linaloamua jibu. Vihisi vyako ni vya aina gani, na vimeunganishwa kwa njia ipi: USB, au njia za waya chache za kuunganishia chipu, yaani I2C, SPI, au waya mmoja (1-Wire)? Mfumo wako wa faili utakaa kwenye kadi ya kumbukumbu, kwenye diski, au utasomwa kupitia mtandao? Je, utaijenga kerneli mwenyewe au utatumia iliyokuja na mfumo? Bila majibu hayo kila mtu hapa atakupendekezea bodi anayoipenda yeye.

Thabiti86 aliandika:

Mimi nitakupendekezea x86, lakini nitatoa sababu zangu. Kwenye njia ya PCI, inayounganisha kadi na vifaa vya ndani ya kompyuta, kila kifaa hubeba utambulisho wake. Kerneli husoma eneo la usanidi la kila nafasi inayowezekana, yaani njia zisizozidi 256, vifaa 32 kwa kila njia na vitengo 8 kwa kila kifaa, na ikipata namba ya mtengenezaji 0xFFFF inajua kwamba nafasi hiyo ni tupu. Ikipata 8086, inajua kuna kifaa cha Intel, kisha inasoma namba ya kifaa chenyewe na kulinganisha namba hizo mbili na orodha ambayo kila kiendeshi (programu inayoendesha kifaa cha aina fulani) kimejisajilia.

Kuhusu kumbukumbu, kuna utaratibu ambao mimi huuona mzuri kila ninapousoma upya: kerneli huandika 1 kwenye kila biti ya rejista ya anwani ya kifaa, kisha huisoma tena, biti ambazo kifaa kimekataa kubadilisha ndizo zinazoonyesha ukubwa wa eneo kinalohitaji. Baada ya hapo kifaa hupangiwa anwani isiyogongana na ya mwenzake. USB nayo haiko mbali na hilo, kwa kuwa rezista ya kilo-omu 1.5 iliyovutwa kwenye waya wa D+ au D- huifahamisha kitovu kwamba kifaa kimechomekwa, kifaa hujibu kwanza kwa anwani 0, halafu hupewa yake kati ya 1 na 127 na kuanza kujieleza. Hakuna mtu anayeandika faili lolote. Kwa mtambo unaopaswa kuwaka wenyewe, hicho ndicho ninachokitaka.

Mlinzi_wa_Mbegu aliandika:

Asanteni. Vihisi ni viwili vya BME280 kwa ajili ya joto na unyevu, pamoja na saa ya DS3231 ili muda usipotee umeme unapokatika. Vyote ni vya I2C. Kutakuwa na kadi mbili za mtandao, moja ya kupeleka vipimo na nyingine ya usimamizi. Mfumo wa faili utakaa kwenye kadi ya kumbukumbu.

Saketi_Tupu aliandika:

Basi maelezo ya ndugu Thabiti86, ambayo ni sahihi kabisa, hayagusi kifaa chako hata kimoja ukiondoa kadi za mtandao. I2C haina utaratibu wa kifaa kujitambulisha. Kwa kawaida ina anwani za biti 7, na kifaa kilichopo kwenye anwani fulani hujibu kwamba kipo bila kusema ni nani. Ndiyo sababu kerneli haiendi ikibisha hodi kwenye kila anwani ya I2C: kusoma au kuandika mahali usipopajua kunaweza kubadilisha hali ya kifaa ambacho hukukusudia kukigusa. Ni lazima ielezwe.

Kwenye bodi ya ARM maelezo hayo ni mistari michache:

```
&i2c1 {
    status = "okay";
    rtc@68 {
        compatible = "maxim,ds3231";
        reg = <0x68>;
    };
    bme280@76 {
        compatible = "bosch,bme280";
        reg = <0x76>;
    };
    bme280@77 {
        compatible = "bosch,bme280";
        reg = <0x77>;
    };
};
```

Kiendeshi kinachojua jina lililo kwenye `compatible` huitwa, hupewa anwani, na kuanza kazi. Kwenye bodi nyingi za x86 hutapata hata pini za I2C za kuunganishia, kwa hiyo utanunua kigeuzi cha USB kwenda I2C. Kerneli itakitambua kigeuzi mara moja, lakini vihisi vilivyo nyuma yake havitakuwa kwenye jedwali lolote la ACPI, kwa sababu mtengenezaji wa bodi hakujua kwamba ungeviunganisha. Utalazimika kuandika jina na anwani ya kila kimoja kwenye faili la `new_device` ndani ya `/sys` kila mashine inapowaka, na namba ya njia ya kigeuzi inaweza kubadilika kulingana na mpangilio wa kuwaka. Kwa hiyo kuandika utaandika tu, uchague ARM au x86.

Mkongwe_wa_Kerneli aliandika:

Nakubaliana na Saketi_Tupu, lakini mti wa vifaa nao una mtego wake, na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu uliniumiza kwa siku tatu.

Nilikuwa na bodi ya ARM isiyo na diski, inayosoma mfumo wake wote wa faili kupitia mtandao. Nilipojenga kerneli mpya nilipunguza vitu vilivyojengwa ndani na kuvifanya moduli (vipande vinavyopakiwa baadaye kutoka kwenye mfumo wa faili), kwani nilidhani ni usafi. Bodi ikawaka, ikafika mahali pa kutafuta mtandao, ikasimama. Hapakuwa na kosa wala onyo. Kadi ya mtandao haikuonekana kabisa, kana kwamba haikuwahi kutiwa kwenye bodi. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha swichi, nikaanza kuamini kwamba bodi imeungua. Nikaupitia mti wa vifaa mstari kwa mstari, nikaona kila kitu kiko sawa, na hilo ndilo lililozidi kunichanganya.

Mwishowe nilitengeneza mfumo mdogo wa kuanzia ndani ya kumbukumbu ulionipa mahali pa kuandika amri, nikasoma faili la `/sys/kernel/debug/devices_deferred`. Kadi yangu ya mtandao ilikuwa humo, ikisubiri. Kiendeshi cha kadi kilikuwa kimeitwa, kikaomba umeme wake, kikaambiwa kwamba kidhibiti cha umeme hakijawa tayari, nacho kikarudisha jibu la -517, ambalo maana yake ni kwamba kiitwe tena baadaye. Kidhibiti hicho cha umeme kilikuwa chipu iliyounganishwa kwa I2C. Kiendeshi cha njia hiyo ya I2C ndicho nilichokifanya moduli. Na moduli hiyo ilikuwa imehifadhiwa kwenye mfumo wa faili ambao ungepatikana tu kama kadi ya mtandao ingefanya kazi. Kila kimoja kilikuwa kikimsubiri mwenzake, na kwa kuwa kusubiri si kosa, kerneli ile haikuandika chochote ambacho ningekiona.

Nilikirudisha kiendeshi cha I2C ndani ya kerneli yenyewe, na bodi ikawaka mara ya kwanza. Tangu hapo, kifaa kisipoonekana na hakuna kosa lililoandikwa, faili hilo ndilo ninalolifungua kabla ya kugusa waya wowote.

Thabiti86 aliandika:

Mzee wangu, pole kwa yaliyokupata, ingawa suluhisho lako si la pekee. Ungeiweka moduli ile ndani ya mfumo mdogo wa kuanzia, ungebaki na kerneli nyepesi na bodi ingewaka vilevile. Moduli zina faida kubwa: kifaa kinapoonekana, kerneli hutoa taarifa yenye utambulisho wake, udev (programu inayosikiliza taarifa hizo) huipokea, na moduli inayolingana hupakiwa kutokana na orodha ya `modules.alias`. Kujenga kila kitu ndani ni kurudi nyuma.

Mkongwe_wa_Kerneli aliandika:

Kwa kompyuta ya mezani, ambayo mwenyewe hajui kesho atachomeka nini, nakubali. Kwa mtambo wa ghalani wenye vifaa vichache visivyobadilika maisha yake yote, sioni kwa nini niongeze hatua nyingine inayoweza kushindwa katikati ya usiku. Nimefanya kazi na mashine za zamani ambazo kadi ya mtandao ilipangiwa anwani na namba ya kukatiza (ya ishara ambayo kifaa huiita nayo prosesa) kwa vibanio vidogo vya chuma, na kerneli ilipokwenda kuitafuta kwa kubahatisha iliweza kugusa anwani ya kifaa kingine na mashine nzima ikaganda. Tulikuwa tukiandika kwenye mstari wa kuwashia ni maeneo yapi yasiguswe. Aliyeyaona hayo hupenda mashine inayojua vifaa vyake kabla ya kuvitafuta.

Dada_Usanidi aliandika:

Niruhusuni niongeze chaguo ambalo hakuna aliyelitaja. Kwa mtambo wa namna hii mimi ningefikiria mfumo endeshi mwingine badala ya Linux, yaani OpenBSD au NetBSD. Kerneli yao hutembea kwenye mti wa vifaa kuanzia shinani, kila njia ikiambatisha watoto wake, na kila hatua huandikwa kwenye `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli, kwa mstari mmoja unaosomeka: kifaa gani, kwenye njia gani, kwenye anwani gani. Kifaa kilichoonekana na kukosa kiendeshi nacho huandikwa waziwazi kwamba hakijasanidiwa. Yaliyompata Mkongwe_wa_Kerneli yangeonekana kwa kusoma skrini moja.

Saketi_Tupu aliandika:

Dada yangu, ninaipenda `dmesg` ya OpenBSD kama wewe. Hata hivyo swali ni la bodi, na kubadilisha mfumo hakumwondolei mlinzi wetu haja ya kuieleza I2C. Hata huko, kwenye ARM, maelezo hutoka kwenye mti uleule wa vifaa.

Fundi_Majedwali aliandika:

Nimesoma yote na naona ACPI haijatendewa haki, wala haijalaumiwa inavyostahili. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, likiandaliwa na Intel, Microsoft na Toshiba. Tofauti yake kubwa na mti wa vifaa ni kwamba mti ni data tu, ilhali jedwali la ACPI lina programu ndogo ndani yake ambazo kerneli huziendesha ili kumwuliza kifaa mahitaji yake au kumwasha na kumzima. Zikiandikwa vizuri, kerneli moja huwaka kwenye mashine nyingi sana bila kubadilishwa.

Zikiandikwa vibaya, wewe mtumiaji uko mbali na kalamu. Nilipata bodi ambayo jedwali lake lilitaja namba ya kukatiza isiyo sahihi kwa kifaa kimoja, na mtengenezaji hakutoa toleo jipya la programu dhibiti. Nililazimika kulitoa jedwali, kulifasiri, kulirekebisha na kulipakia upya kupitia mfumo mdogo wa kuanzia. Linawezekana, lakini ni kazi ya mtu mwenye subira. Mti wa vifaa ukikosewa, unafungua faili la maandishi, unarekebisha mstari na kulijenga upya.

Kuhusu kadi mbili za mtandao: usitegemee majina ya `eth0` na `eth1`, kwa kuwa hutolewa kwa kufuata kadi iliyowahi kuwa tayari, na mpangilio huo unaweza kugeuka baada ya kerneli kubadilishwa. Tumia majina yanayotokana na mahali kadi ilipo, au uyafunge kwa anwani ya kadi yenyewe.

Mlinzi_wa_Mbegu aliandika:

Ninawashukuru nyote. Kabla ya kuagiza, nimeazima bodi ya ARM na kujaribu mistari ya Saketi_Tupu. BME280 zote mbili zimepatikana na zinatoa vipimo. Nilipoendesha `i2cdetect`, inayoorodhesha anwani za I2C, naona UU (alama kwamba kiendeshi kimeshaishika anwani hiyo) kwenye 0x76 na 0x77. Tatizo ni saa: jana ilisoma muda sahihi, leo nimeongeza kihisi cha mtikisiko wa feni, MPU-6050, ambacho nilisahau kukitaja hapo mwanzo, na sasa saa inatoa tarehe zisizoeleweka. Kwenye mti nimekiandikia MPU-6050 anwani ya 0x69 kwa kuwa 0x68 ilikuwa imeshachukuliwa. Je, hili ni kosa la mti wa vifaa, na je, ACPI ingelizuia?

Saketi_Tupu aliandika:

ACPI isingelizuia, wala mti haujaharibika. Kuandika 0x69 kwenye mti hakukihamishi kihisi. Kunaiambia kerneli tu mahali pa kukitafuta. DS3231 ina anwani moja, 0x68, isiyobadilishwa, na MPU-6050 nayo hukaa kwenye 0x68 pini yake ya AD0 ikiwa chini. Kwa sasa viwili hivyo vinajibu kwa pamoja na kuchanganya data kwenye waya mmoja. Zima umeme, unganisha AD0 na volti 3.3, washa, kisha uendeshe `i2cdetect` na utuwekee hapa jedwali lote, pamoja na matini ya mti wako kama yalivyo. Pia utuambie kama kuna kifaa kingine ambacho hujakitaja.

Thabiti86 aliandika:

Nami naomba aseme kama bodi aliyoiazima ndiyo ileile anayotaka kuagiza, kwa kuwa mti wa bodi moja hauhamishwi tu kwenda nyingine.