Mtoto wa sikoseli kapimwa TCD imesoma 184, hii ina maana gani?

mama_tunu:
Habari za jioni wakuu, naomba kueleweshwa na wenye ujuzi au wazazi waliopitia hili. Binti yangu ana miaka 6, ni SS (sikoseli yenyewe, karithi kwa baba na mama), yuko kliniki tangu mdogo. Safari hii wakasema apimwe kichwa TCD, mi nikajua ndo MRI, ile mashine ya kuingia ndani, kumbe ni altrasaundi tu, wanapaka jeli hapa pembeni mbele ya sikio wanakandamiza kale kakifaa halafu unasikia shwaa shwaa shwaa kwenye spika. Tulikaa foleni toka asubuhi mtoto akachoka akapitiwa na usingizi palepale kitandani, nikasema afadhali maana huwa ana fujo. Majibu kulia 184, kushoto 171. Daktari kasema iko katikati, mrudi baada ya miezi mitatu, kaita mwingine. Sasa 184 ya nini? Presha ya kichwa? Mishipa imeziba? Na kama kuna hatari si wangempiga MRI moja kwa moja tujue moja? Wiki iliyopita tu katoka kulazwa na malaria, damu ilishuka mpaka 5.9, yani hapa usingizi sina.

jembe_la_kale:
Mama achana na mavipimo hayo, hospitali siku hizi biashara. Mpe juisi ya choya na majani ya mlonge damu itapanda. Mdogo wangu kakua hivyohivyo na leo ana watoto.

fundi_wa_jeli:
Pole dada. Mi kazi yangu ndo hiyo ya kupima, ngoja nikueleze taratibu. 184 ni spidi ya damu, sentimita 184 kwa sekunde, kwenye mshipa mkubwa unaolisha ubongo upande ule. Sio presha. Chini ya 170 ni kawaida, 170 hadi 199 kundi la kati, 200 kwenda juu ndo hatari yenyewe. Spidi inapanda kwa njia mbili: ama mshipa umekuwa mwembamba (ukibana mdomo wa mpira wa maji si unaona yanavyochomoka), ama damu ni pungufu kwahiyo ubongo unatanua mishipa yake midogo ili upitishe damu nyingi zaidi upate oksijeni inayoutosha. Namba peke yake haikwambii ni ipi, na mtoto wa sikoseli anaweza kuwa nazo zote mbili.

Ila kuna vitu umeandika vimenishtua. Alilala! Mtoto akilala anapumua kidogo, kabonidayoksaidi inapanda kwenye damu, na mishipa ya ubongo hakuna kitu inakisikia haraka kama hiyo hewa, inafunguka na spidi inapanda. Akilia sana ni kinyume, anahema mno, hewa ile inapungua, mishipa inajibana spidi inashuka, hapo ndo unaweza kumwambia mzazi mtoto yuko salama kumbe wapi. Ndo maana sisi tunataka awe macho na awe ametulia, mimi huwa naomba simu ya mama mtu naweka katuni ila sauti nafunga maana nahitaji kuusikia mshipa. Halafu homa na damu 5.9 navyo vinapandisha. Angekuwa kaongezewa damu juzi ingeshuka kwa muda nayo. Kwahiyo hiyo 184 siitupi lakini siwezi kuapa nayo, apimwe tena akishapona vizuri, na awe macho.

baba_wa_SS:
@jembe_la_kale mkuu, mdogo wako ana bahati yake, usiifanye dozi ya watoto wa wenzio. Wapo waliocheza mpira jioni asubuhi mkono mmoja hauinuki. Wa kwangu alisoma 211, tukaanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya sikoseli ya kumeza, wanapandisha dozi kidogokidogo huku wanacheki damu, saa hizi anacheza kwenye 150 na kitu na shule anaenda. Choya anakunywa pia, hakuna aliyemkataza.

dr_wa_zamu:
Nijibu la MRI. MRI ya kawaida inaonyesha kilichokwishatokea, makovu madogo ya kiharusi ambacho mzazi hakukiona wala mtoto hakukisema, na kwa sikoseli yapo kwa watoto wengi tu, hayo TCD haiyaoni. TCD yenyewe inakuonyesha nani yuko njiani. Marekani 1998 walitoa utafiti wa watoto 130, wote spidi 200 na zaidi, nusu wakaongezewa damu kila mwezi nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida. Walioongezewa kiharusi 1, wengine 11, ikabidi wasimamishe kabla ya muda maana kuendelea kuwanyima ingekuwa dhambi. 2005 wakajaribu kuwaachisha damu watoto ambao spidi ilisharudi chini: kati ya 41 walioacha, 14 ilipanda tena na 2 wakapata kiharusi. Huku kwetu damu ya kila mwezi utaitoa wapi, na chuma nacho kinajaa mwilini, ndo maana haidroksiyurea imekuwa mkombozi. Pale Bugando Mwanza wameifuatilia kwa watoto wenye spidi zilizopanda, na zikashuka.

Sasa kuna MRI nyingine ya utafiti, hii ndo naipenda. Wanampa mtoto hewa iliyoongezwa kabonidayoksaidi kidogo akiwa ndani ya mashine halafu wanaangalia damu ya ubongo inapanda kiasi gani. Ubongo usio na shida unaitikia vizuri tu. Wa sikoseli mara nyingi uitikio ni mdogo, kwasababu mishipa imeshajitanua kufidia upungufu wa damu hata akiwa amekaa tu, akiba imetumika. Halafu ndo inakuja malaria damu inashuka ghafla hadi 5, atanue nini tena? Kwahiyo mama, neti na dawa ya kinga ya malaria kwa huyu mtoto ni ulinzi wa ubongo pia.

mama_tunu:
Jamani asanteni, kumbe mi ndo nilifurahia alivyolala. Haidroksiyurea bado hajaanza, wamesema mpaka vipimo vya damu vikae sawa. Je nisubiri TCD ya pili kwanza?

dr_wa_zamu:
Hapana, usisubiri. Chembe nyeupe na chembe sahani (za kugandisha damu) zikiwa sawa aanze, hiyo dawa anastahili hata spidi ingekuwa 120. Na kabla ya hiyo miezi mitatu ukiona mdomo umeenda upande, mkono au mguu umelegea, degedege, maneno hayatoki, hata kama imekaa dakika tano ikaisha, hospitali muda huohuo.

fundi_wa_jeli:
Niongeze kitu watu hawakiulizi: mashine ziko aina mbili. Ile ya sauti na mawimbi tu, namba za 170 na 200 zilitokana nayo. Hii nyingine inayoonyesha picha ya mishipa yenye rangi huwa inasoma chini kidogo kwa mtoto yuleyule. Ukirudi uliza mlipimwa na ipi, na kipimo cha pili kifanyike kwa hiyohiyo, la sivyo utafurahia 165 ambayo ni mashine tu imebadilika.

mama_tunu:
Sawa nitauliza. Na dada yake ni AS (karithi upande mmoja tu, haumwi), naye apimwe?

fundi_wa_jeli:
AS hapana, hiki ni cha SS, kuanzia miaka 2 mpaka 16, kila mwaka. Muache adogo shule.

baba_wa_SS:
*aende shule 😂 fundi umechoka kalale.