Ushauri wenu wakuu: waya gani wa mtandao wa kuunganisha jengo la utawala na maabara ya kompyuta?

Mwalimu_wa_Ziwani
Habari za jioni wanajamvi. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nafundisha kompyuta sekondari moja huku Bukoba vijijini. Intaneti inaingilia jengo la utawala, na maabara ipo jengo jingine, mita kama 80 hivi. Ndani ya maabara kuna kompyuta 22 na hakuna hata moja yenye intaneti. Somo la kutafuta taarifa mtandaoni nalifundisha kwa kuchora ubaoni. Watoto wananakili mchoro wa kisanduku cha kutafutia, na kompyuta ziko mbele yao. Inaniuma sana.

Swali langu ni moja tu: nivute Cat6 ya kawaida, ule waya wa shaba wa mtandao, au ile yenye ngao ya chuma, STP? Mkuu wa shule anataka jibu Jumatatu. Naomba kuwasilisha.

Chuma_cha_Reli
Cat6 ya kawaida inatosha kabisa. Mpaka mita 100 unapata gigabiti moja bila shida. STP ni kupoteza hela ya shule. Uzi ufungwe.

Mama_wa_Watatu
Hongera mwalimu kwa moyo huo. Lakini kabla ya waya, umefikiria hao watoto watafungua nini? Wangu wa kidato cha pili nilimwachia simu wiki moja tu ya likizo, nikajuta. Wekeni kwanza utaratibu, waya baadaye.

Nyaya_Tupu
Mwalimu, maswali matatu kabla sijakujibu. Hizo 80 umepima kwa futi kamba au kwa macho? Waya unapita juu au chini? Na umeme wa majengo hayo mawili unatoka kwenye mita moja?

Mwalimu_wa_Ziwani
Asante mkuu. Nimepima kwa hatua. Waya utapita chini, mtaro tayari, wazazi walijitolea kuuchimba Jumamosi iliyopita. Umeme, kila jengo lina mita yake. Mimi naelekea kwenye STP kwa sababu nasikia ile ngao inazuia radi. Naomba tu mnithibitishie.

Nyaya_Tupu
Radi imetoka wapi tena? Hakuna aliyeitaja humu. Mwalimu, sema yote. Kuna kitu kilishaungua hapo?

Kijana_wa_Kyaka
Kwetu huko radi ni jirani. Bibi yangu wingu likifunga tu anafunika vioo vyote kwa kanga, na mwenye nguo nyekundu anapelekwa akabadilishe. Tulikuwa tunakaa kimya kama msibani. Siku moja ilipiga mparachichi nyuma ya jiko, mti ukachanika kutoka juu mpaka chini, magome yakatupwa mpaka kwenye migomba ya jirani. Mwalimu usichezee.

Mwalimu_wa_Ziwani
Sawa, nieleze. Mwaka jana mwezi wa nne nilivuta waya mwenyewe, wa kawaida wa ndani, nikaupitisha juu kwenye nguzo mbili za miti. Ulifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nafungua maabara nakutana na harufu ya plastiki iliyoungua. Swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kugawa intaneti kwa kompyuta, ilikuwa imekufa, na ile poti ya waya wa nje ilikuwa nyeusi, vipini vyake vimeyeyuka vikashikana na kichwa cha RJ45 hata kukichomoa ikabidi nitumie koleo. Upande wa utawala ruta nayo ilikufa, pamoja na kompyuta ya mhasibu.

Mhasibu anaamini ni umeme wa kawaida ulipanda. Sikumwambia vinginevyo. Ndiyo maana sikuandika hapa mwanzo, kuna walimu wenzangu humu.

Nyaya_Tupu
Asante kwa kusema, maana jibu linabadilika lote. Sikiliza.

Radi haihitaji kupiga waya wako wenyewe. Ikipiga karibu, ardhi ya jengo A na ya jengo B zinakuwa na volti tofauti kwa muda mfupi sana, na tofauti hiyo ni kubwa mno. Shaba uliyovuta katikati inakuwa njia ya kusawazisha. Inapita kwenye swichi upande huu, inatokea kwenye ruta upande ule. Kufukia chini kunapunguza kidogo tu. Na STP ndiyo usiitumie kabisa katika mazingira yako: ngao ikifungwa kwenye ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, pande zote mbili, wakati kila jengo lina ethi yake, umeshaunganisha ethi mbili kwa karatasi ya bati. Hata siku isiyo na mvua mkondo unaweza kutembea humo.

Tumia faiba. Ni uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, haipitishi umeme. Chagua isiyo na waya wa chuma ndani, maana zile nyeusi bapa za kuingizia intaneti majumbani nyingi zina waya wa chuma wa kubebea. Iwe singo modi, ile inayofikisha mwanga mbali, si malti modi, bei ya waya haitofautiani sana na umbali hautakusumbua tena. Kila upande unaweka midia konvata, kisanduku cha kugeuza mwanga wa faiba kuwa umeme wa Cat6 na kinyume chake, halafu kipande kifupi cha Cat6 kinaingia kwenye swichi.

Chuma_cha_Reli
Kama ni hivyo nafuta kauli yangu. Mimi nilijibu nilichoulizwa.

Mwalimu_wa_Ziwani
Naheshimu ushauri, lakini faiba kwetu haiwezekani. Kwanza hakuna fundi. Pili, nimeshanunua maboksi mawili ya Cat6, hela ya michango ya wazazi. Nikirudi kusema tununue kitu kingine nitaonekanaje? Si naweza kuweka tu vile vifaa vya kukinga radi pande zote mbili nikamaliza?

Fundi_Pembe
Vikinga radi vipo na vinasaidia, lakini vinategemea ethi nzuri. Shule yako ina nondo ya ethi iliyozikwa vizuri, au kuna waya umechomekwa tu kwenye udongo mkavu chini ya paa? Mimi huku pwani nilifunga vikinga kwenye nyumba ya wageni, mwaka wa kwanza salama, wa pili viliungua pamoja na vifaa nilivyokuwa navilinda. Fundi wa faiba yupo, watafute vijana wanaofunga intaneti za majumbani Bukoba mjini, wana mashine ya kuunganishia. Kazi yako ni vichwa viwili tu.

Halafu konvata hununui mbili zinazofanana. Za uzi mmoja zinakuja kwa jozi, A inatuma kwa mwanga wa nanomita 1310 na kupokea kwa 1550, B kinyume chake. Niliwahi kununua A mbili, nikashinda siku nzima nahangaika na taa ya linki isiyowaka, nikamlaumu fundi bure.

Mzee_wa_Hoja
Samahani, mimi nanusa chai hapa. Mita 80, na maboksi MAWILI? Boksi moja ni mita 305. Mita 610 za waya kwa umbali wa mita 80? Halafu radi imefichwa mpaka tunaibembeleza itoke, na mara ghafla Nyaya_Tupu anatokea na jibu refu la faiba kama alikuwa nalo mfukoni. Akaunti ya mwalimu ina siku nne. Hili ni tangazo la muuza faiba, watu wawili simu moja. Tupunguzieni sukari.

Kijana_wa_Kyaka
Hahaa, mzee kaja na rula. Ila hesabu ya maboksi ina ukweli wake.

Nyaya_Tupu
Mimi siuzi kitu. Nina jibu mfukoni kwa sababu nilizika swichi sita za zahanati kwa kosa hilihili, na wagonjwa walirudishwa siku mbili kwa kuwa mapokezi hawakuweza kufungua mafaili. Ukishaona hilo huwezi kunyamaza mtu anapouliza kuhusu STP.

Mama_wa_Watatu
Mzee_wa_Hoja, mtu hatungi habari ya kichwa cha waya kilichoyeyuka mpaka kichomolewe kwa koleo. Mwache mwalimu ajibu.

Mwalimu_wa_Ziwani
Akaunti ni ya siku nne kwa sababu nilijiunga kuuliza swali hili. Maboksi mawili: moja na nusu ni la kusambaza ndani ya maabara, kompyuta 22 kuelekea kwenye swichi, linalobaki ndilo la mtaroni. Sikuona umuhimu wa kulieleza.

Kuhusu umbali, Mzee_wa_Hoja umenifanya niende kuazima futi kamba kwa fundi ujenzi. Tumepima na mlinzi sasa hivi. Mtaro haunyooki, unazunguka tangi la maji. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 118.

Chuma_cha_Reli
118, bado hujapandisha ukutani wala kufika kwenye swichi. Shaba imekataa hapo, hata radi isingekuwepo. Kiwango ni mita 100 pamoja na vipande vya mwisho.

Mwalimu_wa_Ziwani
Nilifikiria swichi katikati, kwenye kibanda cha mlinzi.

Fundi_Pembe
Hiyo ni poti nyingine mbili za kuungua, na mlinzi analala humo. Hapana, mwalimu.

Nyaya_Tupu
Mwenyewe umeshajibu tatizo la michango. Maboksi yanabaki kwenye kazi ya ndani ya maabara, hakuna aliyepoteza kitu. Kinachoongezeka ni faiba ya mita 150 na jozi ya konvata. Pitisha kwenye bomba la plastiki, ziada izungushe kwa duara pana ukutani, usiikunje kama kamba ya mbuzi. Kifuniko cha kichwa cha faiba usikitoe mpaka dakika ya kuchomeka, jasho la kidole linatosha kuziba mwanga, na usichungulie ndani. Umeme wa kila jengo nao uwe na kinga yake, faiba haizuii kinachoingilia kwenye soketi.

Halafu mwambie mhasibu ukweli. Atakapoona unanunua konvata atauliza kwa nini.

Mzee_wa_Hoja
Mwalimu, nimekosea, naomba radhi. Lakini kwa kuwa nilianza na maboksi nimalizie nayo. Ulinunua kwa bei nafuu? Chukua wembe, kwangua uzi mmoja wa ndani. Shaba halisi ni nyekundu mpaka katikati. Ukiona nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba juu.

Mwalimu_wa_Ziwani
Nimekubali faiba. Jumatatu nitamwambia mkuu wa shule na mhasibu kwa pamoja, kuhusu mwaka jana pia. Ngoja nitafute wembe.

Mwalimu_wa_Ziwani
Nyeupe.

Nimekwangua nyuzi tatu tofauti, zote nyeupe, moja imekatika mkononi nikiikunja mara ya pili. Boksi la pili sijalifungua, utepe wa dukani bado upo na risiti ninayo. Gari la kwanza la mjini linapita saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa barabarani nalo.

Fundi_Pembe
Beba na hilo lililofunguliwa, pamoja na huo uzi uliokatika. Na ukiwa mjini uliza vijana wa faiba wana nafasi siku gani, mvua hazijaanza.