Mrejesho: hatimaye nimechukua prosesa ya 5800X3D

Wakuu, niliuliza hapa kama nitoe prosesa yangu ya AMD Ryzen 5 3600 niweke 5900X au 5800X3D, kompyuta ikiwa ya gemu tu. Asanteni sana kwa ushauri, nimechukua 5800X3D.

Viini 12 (cores) vya 5900X vilinivutia, ila aliyenieleza habari ya kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ndiye aliyenishawishi: kashe ya L3 ni MB 96 kwenye 5800X3D dhidi ya MB 64 kwenye 5900X, na gemu nyingi hazivitumii viini vyote hivyo. Zote ni za soketi ya AM4, kwa hiyo mazabodi (bodi kuu) na RAM vimebaki vilevile.

Usiipuuze BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta)! Niliisasisha kabla sijaing'oa prosesa ya zamani, na mpya ikawaka mara ya kwanza. Wakati wa kung'oa, ipashe prosesa moto kwanza kisha zungusha hitsinki (chuma cha kuipoza) taratibu. Pesti iliyo kati yao ikikauka, prosesa huweza kunyanyuka pamoja na hitsinki na pini zikapinda.

FPS (picha kwa sekunde) za juu hazijapanda sana, kadi yangu ya michoro ndiyo kikomo. Kilichokwisha ni kule kukwamakwama nikiingia mji wenye watu wengi ndani ya gemu. Kamera inageuka laini kabisa, nimefurahi mno. Prosesa hii inapata joto kuliko ya zamani, nitabadilisha kula (kipoza prosesa).